Uzio wa Upande Mmoja

Kabla hamjapigilia hata msumari mmoja kwenye huo uwanja wenu, kaeni mnisikilize, maana nimechoka na sina nguvu ya kusema jambo mara mbili. Ijumaa iliyopita Mwanaidi, katibu wa chama chenu cha waendeshaji, alinijia hapa nyumbani Muheza. Kanipa shikamoo, nikamwitikia, kaketi, kisha kanitolea simu kunionyesha viwanja vya mbio za pikipiki vya huko ng'ambo. Uzio wao siku hizi una mito ya hewa. Mtu anateleza, anaupiga, anadunda kidogo, anainuka anajipangusa vumbi. Nikamwambia, mwanangu, sisi tulikuwa na mbao na makumbi ya nazi. Akacheka. "Ndiyo maana nimekuja kwako, babu. Na sisi tutakuwa na mbao hizohizo."

Haya. Mimi ni Athumani, fundi seremala, na kwa miaka ishirini na kitu kazi yangu kubwa ilikuwa uzio wa uwanja wa mbio kwenye lile shamba la mkonge lililokufa, njia ya Pangani. Leo pana mihogo na mbuzi. Mmeniomba niwaeleze namna ya kujenga uzio usiomla mtu, nami nitawaeleza. Lakini nitawaeleza na la Sefu, yule mshona viti vya pikipiki pale stendi, mwenye mguu mmoja. Mnamjua wote. Mnajua na wanavyosema, kwamba aliupoteza mguu kwa kukosea mguu. Mmemwalika azungumze nanyi siku ya kufungua uwanja, na alikubali. Nataka kabla ya siku hiyo mjue ni nani aliyekosea.

Tuanze na mchezo wenyewe, maana nasikia baadhi yenu mnadhani ni bodaboda kufukuzana tu. Wanatoka wanne kwa pamoja, wanazunguka mara nne juu ya udongo, na pikipiki haina breki. Ndiyo, haina. Mara ya kwanza nilipoambiwa nilidhani nafanyiwa mzaha. Kona zote ni za kushoto. Kwenye kona gurudumu la nyuma linaachiwa liteleze, na mwendeshaji anatanguliza chini mguu wa kushoto, umevalishwa kiatu cha chuma ili usiliwe na ardhi. Sasa pikipiki isiyo na breki ikimshinda mtu kwenye kona, haina pa kwenda ila nje, na huko nje ndiko nilikokuwa mimi na mbao zangu. Kazi ya uzio si kumsimamisha mtu. Kazi yake ni kumpokea na kumsindikiza, ateleze nao ubavu kwa ubavu mpaka mwendo umwishie mwenyewe.

Hilo nilifundishwa na Mzee Faki. Alikuwa Mpemba, fundi wa milango na mapaa, aliyehamia Tanga, akaoa Tanga, akazeeka Tanga, na mpaka anakufa analalamika kuwa Tanga hakuna mchele wa maana. Mfupi, mkali, kofia yake ya kiua haina doa hata akiwa ndani ya vumbi la randa. Swali lake lilikuwa moja tu. Umwonyeshe mlango, umwonyeshe paa, umwonyeshe banda la kuku, atakuuliza: "Yakhe, anatoka wapi huyo anayekuja?" Kwenye paa anayekuja ni mvua. Kwenye mlango ni mgeni, au mwizi. Kwenye uzio ni mtu anayeteleza kwa ubavu. Ukishajua anatoka wapi, ndipo utajua ubao ulale vipi.

Akanionyesha. Mbao za uzio hazikukutanishwa ncha kwa ncha, kwa sababu hewa yetu ya pwani ni mbichi. Ubao unavimba masika, unanywea kiangazi, na ncha zilizobanana husukumana mpaka moja ichomoze. Kwa hiyo tulizilaza. Kichwa cha kila ubao kilijificha nyuma ya mkia wa ubao uliotangulia. Mtu akija kwa ubavu anashuka kutoka ubao huu kwenda ule, na hakuna ncha inayomtazama. Ni yaleyale ya kulaza makuti, ila umeyalaza kwa ubavu.

Kisha kuna chandarua. Asubuhi ya mashindano unachukua kipande cha chandarua kikuukuu, unakikamata mkononi, unatembea uzio mzima unakiburuta juu ya mbao, kufuata upande wanaokwenda waendeshaji. Kikinasa, hapo pana kichwa cha msumari, au kibanzi, au skrubu haikuzama. Unapiga msasa, unarudia. Usitumie kiganja. Ngozi ya fundi imeshakuwa sugu, haisikii kitu, wakati ile ya mwendeshaji inasikia kila kitu. Marehemu mke wangu alikuwa akiwaambia wageni wasishangae mbu wa nyumba yetu, vyandarua vyake vyote vimekwenda kubembeleza pikipiki.

Adabu ya chandarua sikuzaliwa nayo. Mwaka wangu wa kwanza nilijiona bingwa, nikauacha msumari mmoja umetokeza kiasi cha punje ya mtama. Kijana mmoja wa Pongwe akausugua kwa mgongo. Wallahi alimaliza mzunguko ana kola na mikono miwili tu, katikati hamna shati, na mgongoni mstari mwekundu mrefu. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mzee Faki hakucheka. Alilichukua shati lile, akanivalisha mimi, na nikapiga nalo kazi siku nzima mgongo wazi, jua la Tanga linanichoma. Jioni akaniuliza, "Umesikia msumari ulipopita?" Nikamwambia nimesikia.

Msitumie mbao za mnazi upande wa ndani. Najua zinapatikana na ni ngumu. Lakini mnazi ukipigwa na kitu kizito haupasuki kama mti mwingine, unatoa nyuzinyuzi ndefu ngumu, na zikiingia kwenye paja la mtu hazitoki kwa kuvutwa. Niliwahi kumshikilia mtu mkono wakati muuguzi anamchomoa nyuzi hizo moja moja kwa kibanio, kuanzia adhuhuri mpaka karibu na alasiri. Alinitukana kwa Kiswahili, akanitukana kwa Kidigo, akarudi kwenye Kiswahili. Nilimwitikia kila tusi, maana alikuwa na haki.

Na makumbi. Nyuma ya uzio, kwenye kona, tulikuwa tukipanga magunia ya makumbi ya nazi ili mbao zikipigwa zipate pa kurudi nyuma. Yakiwa makavu ni mazuri kabisa. Lakini masika moja yalinyeshewa wiki nzima, nami nikayatazama kwa nje, nikaona gunia ni lilelile, nikaliacha. Lile gunia likawa limekunywa maji likashiba, ukilipiga teke unaumia wewe. Siku ile waendeshaji wawili waliupiga uzio na wote wawili walivunjika mtulinga, ule mfupa wa kati ya shingo na bega, mmoja wa kulia, mwingine wa kushoto. Mtulinga ndio mfupa wa mchezo huu. Waendeshaji wangu wa zamani mabega yao hayalingani, ukisimama nyuma yao msikitini kwenye safu utawahesabu. Kwa hiyo lipigeni gunia teke kila asubuhi, na mguu wenu uwe ndio mkaguzi.

Sasa Sefu.

Sefu ni mtoto wa Ngamiani, mwana pekee wa Bi Hamisa, aliyekuwa akipika mikate ya kumimina na kuuza pale mlangoni mwa uwanja. Mama mnene, mpole, sauti yake ndogo kuliko mwili wake. Hakuwahi kutazama mbio hata moja. Mwanawe akiwa uwanjani yeye huwapa mgongo, anaipanga mikate yake na kuipangua, akisikia makelele yametulia ndipo anauliza, "Kamaliza?" Wakimwambia kamaliza, anasema alhamdulillahi, anaendelea kuuza.

Na Sefu alikuwa mwendeshaji pekee aliyekuwa akija asubuhi kupitisha chandarua pamoja nami. Wenzake walikuwa wanakuja saa nane, wanajipaka mafuta ya nywele na kupigwa picha. Yeye anakuja mapema, anashika ncha moja, mimi nashika nyingine, tunatembea. Alikuwa ananiita ami. Alikuwa anapenda kuniuliza, "Ami, uzio sawa?" na mimi najibu, "Sawa, baba." Tulimaliza hivyo kila mara, kama watu wanavyomalizia dua kwa amina. Neno langu hilo alikuwa akiliamini kuliko helmeti yake.

Siku yenyewe ilikuwa siku kubwa. Alikuja mgeni wa heshima, likajengwa jukwaa la turubai, likaletwa zulia. Na mimi, kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo, nikapewa kiti cha mbele. Kiti cha plastiki, lakini chenye mikono. Nikapewa na soda baridi. Nawatajia kiti hiki kwa sababu nimekifikiria sana. Nilikuwa nimevaa kanzu, na watu walikuwa wakipita wananiamkia, "Shikamoo, fundi," na mimi marahaba, marahaba, mpaka kichwa kikavimba.

Baada ya alasiri zikabaki mbio za mwisho, za maonyesho, za kumfurahisha mgeni. Ndipo mpiga video akamwendea Mwenyekiti wa kamati ya mbio akalalamika kwamba waendeshaji wanakuja mbele ya jukwaa jua likiwa mgongoni mwao, nyuso zote zina kiza, na jua linampiga yeye kwenye kamera. Mwenyekiti akafikiri kidogo, akasema, "Basi wazunguke kwa kulia. Ni maonyesho tu."

Hapo hapo nilijua. Sihitaji kuwadanganya kwamba nilikuja kutambua baadaye. Mbao zile nilizilaza mimi mwenyewe, ubao kwa ubao, kwa mtu anayetoka upande mmoja. Akitoka upande wa pili, mikia yote inamtazama yeye. Kila mwisho wa ubao, kona nzima, umekuwa ncha iliyotokeza. Mzee Faki alikuwa ameshakufa zamani, lakini nilimsikia sikioni ananiuliza: yakhe, anatoka wapi huyo anayekuja?

Niliinuka. Hilo nililifanya. Nikamwendea Mwenyekiti, nikamwambia, "Mwenyekiti, uzio ule ni wa kushoto."

Akanitazama. "Uzio nao una kushoto na kulia, fundi?"

Watu wa jukwaani wakacheka. Mgeni wa heshima naye akacheka. Na mimi, na kanzu yangu, nikacheka nao. Kisha nikarudi kwenye kiti changu nikakaa.

Sefu akapita mbele yangu anaikokota pikipiki. Alikuwa amesikia kicheko lakini hakusikia maneno. Akanipungia mkono. "Ami, wanatuzungusha kulia. Uzio sawa?"

Nikamwambia, "Sawa, baba."

Nimekaa na neno hilo miaka kumi na mbili na bado sijapata sababu yake. Wakati mwingine najiambia ni mazoea, mdomo ulishazoea kujibu hivyo. Wakati mwingine najiambia niliogopa kuchekwa mara ya pili. Yote mawili ni kweli na hayatoshi. Ilikuwa ninyanyue mkono tu, nimwambie shuka, baba. Angeshuka.

Raundi ya kwanza walikwenda pole. Ya pili wakachangamka. Kwenye kona ya tatu Sefu alitanguliza mguu wa kulia chini, maana kona ni ya kulia, na mguu huo ulikuwa na buti la mpira tu, kile kiatu cha chuma kiko kushoto. Akateleza. Nataka mnisikilize vizuri hapa: kuteleza si kitu. Waliteleza watu mbele yangu kila mashindano, wanaanguka, wanaburuzwa na uzio, wanainuka wanachechemea, kesho wako kazini. Naye alianguka vizuri, aliiachia pikipiki kama alivyofundishwa, akaja kwenye uzio kwa ubavu, miguu mbele. Kwa uzio uliolazwa kwa upande wake angepata michubuko tu. Kile kiatu cha chuma kikaingia chini ya mkia wa ubao, kikanasa, na mwili ukaendelea na safari.

Sitaeleza zaidi. Nilikimbia na kanzu yangu. Nyuma yangu makelele yalikuwa yamekatika ghafla, na nikasikia sauti ndogo ya Bi Hamisa kule mlangoni inauliza, "Kamaliza?" Hakuna aliyemjibu.

Walimchukua kwa gari la mgeni. Watu wakatawanyika. Kiatu kilikuwa bado kimenasa pale kwenye ubao, na mimi nikabaki nacho. Nikachukua mtaimbo nikakichomoa. Halafu, kabla ya magharibi, nikaufungua ule ubao uliopasuka, nikaweka mwingine, nikapiga randa, nikapiga msasa. Hakuna aliyeniagiza. Mikono ilifanya kazi yake ya kila siku, na kichwa kikaiacha. Nilipomaliza nikapitisha chandarua kwa upande wa kushoto, kikapita bila kunasa. Nikasimama kidogo. Nikakirudisha kwa upande wa kulia. Kikanasa ubao wa kwanza, kikanasa wa pili, kikanasa wa tatu, kikachanika.

Asubuhi kamati ikaja kukagua. Wakatembea, wakapapasa mbao, wakaona uzio ni mzima. Mwenyekiti alisimama na mimi pale kwenye kona, hakunitazama usoni, na mimi sikumtazama. Wakaandika kwamba mwendeshaji alikosea mguu. Hospitali nako mguu haukupona, ukakatwa chini ya goti.

Wiki tatu hivi baadaye mlango wangu ukabishwa hodi. Bi Hamisa. Kashika sahani imefunikwa kwa kawa. Nikamkaribisha, akakataa kuketi. Akasema, "Fundi, nimekuja kukutaka radhi. Mtoto kakuvunjia kazi yako. Nimesikia ulikaa mpaka magharibi unatengeneza." Akanipa sahani. Mkate wa kumimina, mzima, una moto bado, hiliki inanukia nyumba nzima.

Nikaupokea. Nikasema, "Yameshapita, Bi Hamisa." Mimi ndiye niliyesema hivyo, ati yameshapita, kama vile namsamehe. Alipoondoka nikachemsha chai nikaula. Siku mbili niliula, asubuhi na jioni, mpaka ukaisha.

Mnajua Tanga kwa utani. Neno la kamati halikukaa kwenye karatasi. Mtu akivaa kandambili kinyume anaambiwa kafanya kama Sefu. Mtoto akikosea mpira: mguu wa Sefu huo. Hawakuwa na ubaya, wengine hata hawakumjua. Lakini Bi Hamisa alikuwa anayasikia sokoni, anayasikia harusini, na yeye ni mtu wa kutabasamu, anatabasamu. Kisha Sefu akahamia huku Muheza akaanza kushona viti, na mimi nilipoachana na kazi nikarudi kwetu, huku huku. Mama alimfuata mwanawe. Mwaka jana, siku chache kabla ya Ramadhani, alifariki. Nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Bega langu la kushoto lina uvimbe wa kazi, linauma nikibeba kitu, na siku ile nililiweka hilo makusudi.

Haya, uzio wenu. Mwanaidi kaniambia mnataka kukimbia pande zote mbili, leo kushoto, kesho kulia, ili vijana wote wajifunze. Basi msilaze mbao. Mzee Faki anisamehe. Tumieni mbao nene zilizokauka, zikutane ncha kwa ncha, mwache nafasi ya unene wa ukucha kati yake kwa ajili ya masika, na nyuma ya kila kiungo muweke ubao mwingine wa kuzishika ncha zisichomoze. Skrubu zitoke nyuma, zisionekane mbele. Chini muweke ubao mmoja mpana uguse ardhi, gurudumu lisipate pa kuchungulia. Makumbi makavu nyuma, na teke lake. Kisha chandarua, kwenda na kurudi. Si kwenda tu. Kwenda na kurudi, na wawili washike ncha, fundi na mwendeshaji. Na mwendeshaji akikuuliza uzio sawa, usimjibu mpaka umekwisha kujiuliza anatoka wapi.

Nimewaambia nimechoka. Sasa la mwisho.

Kila Alhamisi mimi huenda pale stendi kwa Sefu, tunakunywa kahawa, mimi naketi kwenye benchi, yeye anashona. Ikiadhiniwa alasiri tunakwenda msikitini pamoja. Magongo yake huwa ameyaegemeza mbali ili yasiwakwaze wateja, kwa hiyo akitaka kuinuka mimi hulileta bega, yeye hulishika, anainuka. Hatusemi kitu, tumeshazoea.

Alhamisi hii nilimkuta na karatasi. Kaiandika kwa kalamu ya kuchorea viti. "Ami, hebu nisikilize. Nataka kuwaambia wale vijana maneno ya maana." Akasoma. Kwamba yeye ni mfano wao wa kutokuiga. Kwamba mchezo hauna kosa, uwanja haukuwa na kosa, fundi alikuwa bora kuliko mafundi wote wa Tanga, bali yeye mwenyewe alikuwa mzembe, akakosea mguu. Alisoma pole, kwa sauti ya mtu aliyekwishasoma mara nyingi. Alipofika kwenye neno mzembe hakulikwepa.

Nikamwambia, "Sefu, usisome hayo."

"Kwa nini, ami? Si kweli?"

Nikamwambia. Mbao, mikia, mpiga video, kicheko, kiatu, mtaimbo, chandarua kilichochanika. Sikumficha hata moja. Nilidhani atapiga kelele, na nilitaka apige. Aliichoma sindano kwenye kiti alichokuwa anashona, akaiacha pale.

"Ulijua kabla au baada?"

"Kabla."

"Nilipokuuliza, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, baba."

Ikapita bodaboda, ikapita nyingine. Mteja mmoja akaja kuulizia kiti chake, Sefu akamwambia rudi kesho, kwa upole tu. Kisha akasema, "Mama alikuletea mkate."

"Alileta."

"Aliamka alfajiri kuusaga ule mchele. Mimi niko kitandani, kidonda hakijafunga, nikamwambia mama pumzika. Akasema hapana, mwenzio ulimharibia." Akaigusa ile sindano, hakuichomoa. "Uliula?"

"Niliula."

"Wote?"

"Wote."

Akatikisa kichwa pole pole, kama mtu anayepima kitambaa. "Mama kakaa miaka kumi na moja akinitazama kuwa mimi mzembe. Hakuwahi kunisema hata siku moja. Akanihurumia tu. Kafa anajua hivyo."

Nilitaka kumwomba radhi, nikaona hata hilo nitakuwa namwomba yeye anipe kitu kingine tena. Ile karatasi aliikunja mara mbili akaitia chini ya mashine. Sijui kama atakuja kwenye ufunguzi wenu. Hakuniambia, nami sikumuuliza. Akija, mpeni kiti cha mbele, na kile cha mkono wake wa kulia mkiache wazi, magongo yake yapate pa kulala.

Ikaadhiniwa alasiri. Nikainuka kwenye benchi, nikasogea karibu yake, nikaliinamisha bega kama kila Alhamisi. Sefu akanyoosha mkono, akaupitisha pembeni yangu, akashika ukuta.